Sikuwa na Ufunguo

4 Februari

Kwa mke wangu mdogo mwenye masikio makubwa,

Hujambo? Na kile kikohozi cha vumbi la chuma kimekwisha au umekizoea? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limehama nyumba na kuishi maisha yake. Mama yako hajambo. Ameandika salamu kwenye kibao chake kwa chaki, nami nazinakili kama zilivyo: MWAMBIE ALE. MWAMBIE ASIVAE VIATU VIBICHI. Anashona sare za shule, arobaini na mbili, na cherehani yake inapiga kelele tangu asubuhi kana kwamba imelipwa kunizuia nisisinzie.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo usinisahihishe mwandiko. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa na mwandiko mbaya kuliko wangu, mimi ni ushahidi tu.

Sasa habari yenyewe. Tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, asubuhi, mlango wa choo ulijifunga. Sisemi ulikwama. Mlango uliokwama naujua, nimekula kwa milango iliyokwama miaka hamsini. Huu ulijifunga. Komeo limefunguliwa, naliona kwa macho yangu, na mlango hautoki. Nikang'oa bawaba zote tatu. Mlango umebaki umesimama palepale bila bawaba, kama mlevi aliyeegemea hewa. Siku hizi naenda kwa jirani mshona viatu, na mke wa mshona viatu ana maswali mengi kwa mtu mwenye haraka.

Unajua maana yake. Nyumba yetu ikifunga kitu bila mtu kukifunga, basi mahali fulani mtu wa damu yetu amefungua kitu kwa mkono mtupu, bila ufunguo. Wenye mkono huo tumebaki wawili. Mama yako ulimruka ukatua kwako. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimelala mdomo wazi, mashahidi ni nzi.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole wa mume mzee: umefungua nini?

Jibu haraka. Goti halipendi safari za kwa jirani.

Mume wako asiye na meno,
Babu


20 Februari

Kwa mume wangu mzee, mwenye meno mawili na uongo thelathini,

Shikamoo Babu. Barua yako imefika juzi, imekaa njiani siku kumi na nne, na bahasha imelowa. Mimi mzima. Kikohozi kimepungua. Mwambie Mama nakula, na viatu navianika.

Karakana ni kubwa kuliko ulivyonieleza. Kuna jiriwa tano za kubania chuma mezani, moja ya kila mwanafunzi, na Fundi Tindo anapita nyuma yetu haongei. Ukikosea, anakohoa. Wenzangu wanne ni watu wazima kunizidi, mmoja ana watoto. Ukutani kuna misumari saba, na kila msumari una kufuli lisilo na ufunguo. Ndio mtihani. Fundi anakupa moja, unalisikiliza kwa waya, unachonga ufunguo kwa tupa, unalifungua mbele ya wote. Ukimaliza saba, unapewa cheti na jiriwa yako mwenyewe. Wengine wanachukua miezi mitatu kwa kufuli moja. Mimi yangu mawili yameshatoka ukutani, la pili juzi. Wameniita Mkono Mwepesi. Fundi Tindo hakukohoa.

Kuhusu choo, sijafungua kitu, Babu. Labda ni unyevu. Na hata hivyo, uliponiaga kituoni uliniambia nikifungua kwa mkono mtupu nitaota ndevu kiganjani. Nimetazama. Hakuna ndevu.

Mama ameandika kitu kingine chochote? Namwota akiongea. Nikiamka siikumbuki sauti.

Mke wako,
Mkono Mwepesi


8 Machi

Kwa wewe,

Salamu kwanza, ili asije mtu akasema sikufundishwa. Hujambo. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili, paa limevuja mara tatu. Mama yako anakusalimu. Namsomea salamu zako tu, mengine yanabaki mfukoni mwangu pamoja na barua yenyewe, na koti silivui.

Tarehe kumi na nane Februari kabati la vyombo lilijifunga. Sahani zote, vikombe vyote, na ule mwiko mzuri. Tunakula kwenye mifuniko ya sufuria. Mama yako ananiangalia juu ya mfuniko wake nami naangalia mvua.

Wewe uliandika tarehe ishirini, ukasema kufuli la pili limetoka juzi. Mimi ni wa darasa la nne, lakini ishirini kutoa mbili naiweza.

Sijaudhika kwa kuwa umefungua. Nilikuwa na umri wako, najua jinsi chuma kinavyolegea chini ya kiganja kama paka anayekunwa shingo. Hata kunidanganya si neno, tumezoeana. Ila hukupima. Mlango wa choo uko uani. Kabati liko ndani, hatua sita kutoka kiti anachokalia mama yako. Nimezipima kwa miguu yangu mara mbili, goti na yote.

Ile ya ndevu nilikuambia kwa sababu mama yako alikuwa amesimama karibu yetu pale kituoni, na basi lilikuwa linaunguruma, nami ni mtu wa mzaha hata mahali pasipotakiwa. Nilipaswa kukuambia hivi: kinachofungwa hakichagui mbao na chuma peke yake.

Usiliguse la tatu kabla ya barua hii kufika. Na ikifika, usiliguse baada yake. Chukua tupa, uchonge kama wanadamu wengine.

Babu


23 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo na paa limezibwa.

Barua yako imefika juzi. La tatu nililifungua tarehe kumi na tisa.

Sasa nakuambia ukweli, usiniite mwongo tena. Tupa inaniruka mkononi. Wenzangu wanaisukuma, inaimba. Mimi naisukuma, inapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa, na ufunguo unatoka umeng'atwang'atwa. Wiki mbili za mwanzo walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake kwenye sanduku la skrubu. Fundi Tindo aliuokota ufunguo wangu, akauonyesha kwa kila mtu, akauliza, "Huu ni wa kufungulia nini, nazi?" Nilikaa nyuma ya mashine ya kunolea, nikalia. Kisha nikaliweka kufuli kiganjani kulisikiliza tu, nakuapia kulisikiliza tu, na likafunguka lenyewe.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nachonga ufunguo wa kujifanya, nauingiza, nafunika kufuli kwa kiganja kana kwamba nalishika lisiteleze. La tatu lilikuwa zito kama mtoto. Lilipofunguka Fundi Tindo alipiga makofi. Babu, yule mtu hapigi makofi. Wote wakapiga. Sijawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote.

Niambie nini kimejifunga. Kama ni dirisha, sawa. Kama ni sanduku, sawa. Niambie tu.

Mjukuu wako


5 Aprili

Mjukuu wangu,

Ni mkono wa kulia wa mama yako.

Alikuwa anapitisha kola chini ya sindano. Nilisikia cherehani imenyamaza. Nikaenda, nikamkuta anautazama mkono wake kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila kubisha. Umekuwa ngumi. Nimejaribu mafuta, nimejaribu maji ya moto, nimejaribu kupenyeza kijiko kati ya vidole, samahani kwa kukuambia. Mganga wa zahanati ameugonga kwa kinyundo kidogo, akasema ni mishipa, akampa vidonge vyeupe. Mshona viatu amesema ni upepo. Kila mtu ana lake.

Sare kumi na saba zimebaki hazina kola. Kwa mkono wa kushoto chaki inaandika vitu ambavyo mimi sivisomi, naye hufuta kwa hasira na kuanza tena, mwisho anakitupa kibao. Kwa hiyo salamu hakuna safari hii. Hajakunyima. Hana pa kuziweka.

Usije. Ukija utaniuliza mbele yake. Kaa hapo, usishike kitu chenye tundu la ufunguo.

Babu


18 Aprili

Babu,

Shikamoo. Sitaki habari za paa.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni kwa mwenye nyumba wangu, na akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Sijagusa kufuli tangu siku hiyo. La nne liko mezani kwangu. Fundi anapita, analitazama, anakohoa.

Nina maswali mawili, na uyajibu yote mawili, si lile unalolipenda.

La kwanza. Kama mkono wa mtu unaweza kujifunga, basi mdomo pia unaweza. Mama alinyamaza nikiwa na miaka mitano. Ulisema ni homa. Mimi siikumbuki homa. Nakumbuka alikuwa ananifunga vifungo vya gauni, anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na la tano halikuja. Alikuwa amesimama wima, mzima, kinywa kimefungwa, mikono bado iko kwenye kifungo. Mtu wa homa hufunga vifungo vya mwenzake? Ulifungua nini siku hiyo, Babu?

La pili. Kinarudishwaje?

Mjukuu wako


9 Mei

Babu,

Nangoja.


30 Mei

Mjukuu wangu,

Nimepata barua zako zote mbili, ya maneno mengi na ya neno moja. Ile ya neno moja ndiyo iliyonikosesha hamu ya kula.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia habari za mke wa mshona viatu, jinsi alivyoanguka na beseni, ni habari nzuri sana, nimeiandika ukurasa mzima. Nimeuchana. Nikaandika tena habari za goti. Nimeuchana. Karatasi imebaki hii.

Haikuwa homa.

Kinyozi, rafiki yangu, alikuwa na sefu kuukuu uani kwake, lililotupwa na ofisi fulani ilipopotelewa na ufunguo wake. Wateja walikuwa wanalikalia wakingoja zamu. Siku hiyo tulikuwa watano: yeye, seremala, mpiga chapa, dereva wa lori la mchanga, na mimi. Seremala akasema, "Wewe fundi wa makufuli gani, unalikalia kila wiki na hujalifungua?" Nikasema naliweza. Wakacheka. Kinyozi akasema, "Ukilifungua nakunyoa bure mwaka mzima." Nilikuwa na nywele siku hizo.

Nikaweka kiganja. Nilikuwa najua sheria, mama yangu alinifundisha, akanifinya sikio ili nisisahau. Nilijiambia kitajifunga kisanduku, dirisha, kitu. Likafunguka. Wakapiga makofi, seremala alinibeba begani. Unajua mlikuwa na nini ndani? Kipande cha gazeti na mende mkavu.

Niliporudi nyumbani wewe ulikuwa umesimama na vifungo vinne.

Kwa hiyo unaposema hujawahi kupigiwa makofi, nakuelewa kuliko fundi wako. Hilo la kwanza.

La pili. Kilichofunguliwa kwa mkono hurudishwa kwa mdomo. Unasimama mbele ya waliokupigia makofi, unasema, "Sikuwa na ufunguo." Maneno hayo tu. Kile ulichofungua kinajifunga tena, hakitafunguka kamwe, na kile kilichojifunga kinaachia. Lazima awepo japo mmoja kati ya waliokuona. Wakiisha wote, imekwisha.

Najua unachouliza sasa, nakuona ukinyanyua nyusi kama bibi yako. Miaka kumi na moja, maneno matatu, wewe mzee unangoja nini? Mwaka wa kwanza niliogopa kucheka kwao. Wa pili niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mwaka wa kwanza. Ulipofika wa tano, kila mwaka uliopita ulikuwa jiwe juu ya jiwe, na mimi niko chini yake napiga mzaha. Seremala akafa. Mpiga chapa akafa. Dereva alihama, nikasikia naye amekufa. Kila nilipozika mmoja nilikuwa nalia sana, watu wakisema jinsi nilivyowapenda.

Amebaki kinyozi. Yuko kitandani tangu Machi, mapafu.

Wewe fanya lako. Wenzako wako hai, wako mezani mbele yako. Langu niache nalo. Mimi ni mtu mzima niliyeoza, usinitazame kama mfano.

Babu


14 Juni

Babu,

Shikamoo. Nimesema. Jana, kabla ya chai ya saa nne.

Nilingoja Fundi amalize kukagua jiriwa ya mwisho. Nikasema, "Fundi, nina neno." Akasema, "Neno au ufunguo? Wiki ngapi sasa unatazama hilo la nne kama mtu aliyeposwa?" Wakacheka. Nikayatoa makufuli yangu matatu rafuni, yako wazi, nikayapanga mezani. Nikasema, "Sikuwa na ufunguo."

Walidhani ni mzaha. Yule mwenye watoto akasema, "Sasa ulifungua kwa meno?" Na hapo likajifunga la kwanza. Ta! La pili. La tatu, lile zito, liliruka mezani kama chura. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja alitoka nje na hakurudi mpaka mchana.

Fundi Tindo aliyachukua, akajaribu waya katika kila moja. Waya haukuingia, matundu yameziba kama hayakuwahi kuwepo. Akakaa kitini. Halafu akasema, "Haya yalikuwa ya baba yangu." Hakunikemea. Afadhali angenikemea, Babu. Akayatundika kwenye misumari yake jinsi yalivyo, mafu, akaniambia kwa mwaka mzima sitapewa kufuli. Nitafagia vumbi la chuma na nitachonga ufunguo mmoja kila siku, wa kufungulia hewa, mpaka tupa iache kupiga kelele. Wenzangu hawaniiti Mkono Mwepesi tena. Hawaniiti kitu.

Ungeniuliza kama naumia, ningesema naumia. Lakini nalala.

Sasa nisikilize, maana mara hii mimi ndiye mkubwa. Uliniambia nisikutazame kama mfano. Sawa, nitazame mimi. Nina miaka kumi na sita na nimesimama. Mapafu ya kinyozi hayangoji goti lako. Barua yako ijayo isipokuwa na habari zake, yangu inayofuata nitamwandikia Mama, kwa jina lake juu ya bahasha, na mtu wa posta nimemwambia aikabidhi mkononi mwake. Mkono huo, kama uliyosema ni kweli, sasa unaweza kupokea.

Unaweza, Babu? Niambie hilo kwanza.

Mjukuu wako


21 Julai

Mjukuu wangu,

Unaweza.

Tarehe kumi na tatu Juni, saa nne asubuhi, alikuwa amekaa kitini na ile ngumi mapajani. Vidole vikaachia kimoja kimoja, kuanzia kidogo. Kabati la vyombo likafunguka, na uani mlango wa choo ukaanguka kifudifudi, kwa kuwa bawaba nilizing'oa mwenyewe, na jogoo wa jirani alinusurika kwa unyoya. Mama yako alishika chaki, akaandika: AMESEMA? Nikajifanya sikuelewa. Nikaenda kusimamisha mlango.

Barua yako ilifika baada ya siku kumi na tatu. Nilikaa nayo siku nne. Ya tano nikaenda kwa kinyozi, peke yangu. Nakuambia wazi kwamba nilitaka kusema bila mama yako kusikia, mdomo umrudie hivihivi, aseme ni miujiza, nami niseme eeh, miujiza.

Nilimkuta amelazwa kwenye chumba cha mwanawe, mito mitatu mgongoni, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa kama yako.

"Umekuja kunyolewa?" akasema.

"Kichwa kimejinyoa chenyewe."

"Basi umekuja kuniaga."

"Nimekuja kusema jambo."

Akanitazama. "Lile la sefu?"

Sikujua kama alikuwa anajua. Nikasema ndiyo.

"Umekuja na nani?"

"Si unaniona niko peke yangu."

"Basi sikusikii. Masikio yangu siku hizi hayasikii mtu aliyekuja peke yake."

"Usinifanyie utoto wewe mzee."

"Utoto ni wako. Unataka kumrudishia mtu mdomo wake kwa kupitia uani, kama sufuria ya kuazima? Kamlete mwenyewe. Na fanya upesi, mimi sina ratiba ndefu."

Akafumba macho. Nilimwita majina yote ninayoyajua. Hakufumbua.

Nikarudi nyumbani. Nikamwambia mama yako, twende kwa kinyozi. Akaandika: KUFANYA NINI? Nikasema, kumjulia hali. Nilidanganya hata hapo. Alivaa viatu vyake vizuri. Tulitembea polepole kwa ajili ya goti, na njia nzima hakunishika mkono, wala hakuniacha nyuma.

Kinyozi akafumbua macho. Mama yako alisimama upande wa miguu ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, na sefu liko palepale uani, mlango wazi, kuku wa nyumba hiyo wanataga humo. Nilitafuta mzaha. Nakuapia nilitafuta kila mfuko. Nikasema, "Siku ile nilipolifungua lile, sikuwa na ufunguo."

Kuku alitoka mbio. Mlango ulijifunga kwa kishindo, vumbi likaruka, na mayai mawili yamo humo mpaka mwisho wa dunia. Kinyozi akacheka, kikohozi kikamkamata. Mama yako akaenda akamshika mgongo, akamnywesha maji. Halafu akasema. Sauti ilitoka imekwaruza, kama bawaba isiyopakwa mafuta, lakini ni ileile. Alimwambia kinyozi, "Pole. Nilikuwa najiuliza atakuja lini."

Alikuwa anajua. Miaka kumi na moja alikuwa anajua, mjukuu wangu. Alikulia nyumba hiihii, alimsikia mama yangu akinikumbusha sheria na kunifinya sikio hata nilipokuwa mtu mzima. Miaka yote hiyo alikuwa na chaki na hakuniuliza. Mimi nilikuwa na ulimi na sikumwambia.

Kinyozi tulimzika Jumanne iliyopita. Nililia vizuri, kwa mara ya kwanza bila nafuu ya siri kifuani kwamba shahidi mmoja amepungua.

Mama yako anaongea. Anaongea na wateja wa sare, anagombana nao juu ya urefu wa pindo. Anaongea na mke wa mshona viatu, na yule mama hatimaye amepata anayemzidi. Anaimba akipasi, na anaimba vibaya, nilikuwa nimesahau. Salamu zako safari hii atakuandikia mwenyewe, kwa kalamu, bahasha yake mbali na yangu, usishangae zikifika mbili. Anaongea na kila mtu, mpaka na yule jogoo.

Mimi hajaniambia neno. Hata kwenye kibao. Kibao amekiweka juu ya kabati.

Sijamwomba. Sina uso wa kumwombea. Nikimsikia chumba cha pili huacha ninachofanya, nashikilia tupa hivi, mpaka anyamaze.

Jana jioni aliniwekea kikombe cha chai, na chake, akakaa upande wa pili wa meza. Nikasema asante. Akanitazama. Akafungua mdomo. Nikangoja, goti, moyo, vyote vimesimama.

Akapuliza chai yake, akanywa.

Babu yako